Tableti ya Kumwona Katunge

Kathonzweni,
26 Januari 2025

Kasiva mdogo wangu,

Naandika haya nikiwa nimetoka kanisani, hata kitambaa sijavua kichwani, kwa sababu Salat ananiambia lori lake linaondoka kesho asubuhi na hatarudi huku na mbuzi wengine hadi mwezi ujao. Pokea salamu za mume wangu Mutisya, na za binti yetu Yvonne ambaye amekuja kutoka Wote kututembelea. Sisi ni wazima. Mvua ilikatika mapema, lakini ndengu zimekomaa na watu wameanza kutuletea tuwapurie kwa mashine. Uwanja wetu umejaa magunia mpaka kuku hawana pa kupita. Mwaitu anaendeleaje? Ile dawa ya miguu inamsaidia, ama bado analalia upande mmoja tu? Najua kumtunza mama yetu kumekuangukia wewe peke yako. Mwambie nitakuja. Najua nilisema hivyo mwaka jana pia.

Katunge ni mzima. Anakula vizuri kuliko Yvonne. Fundi cherehani anasema mkono wake ni mwepesi, kwamba wiki hii ya tatu tayari anashona mshono ulionyooka kama umepigwa rula, na kwamba kutosikia kwake ni baraka kwa maana hapotezi wakati kwa umbea. Mimi naye tunaelewana kwa zile ishara nne ulizonifundisha: kula, maji, lala, njoo. Zaidi ya hapo ananitazama, namtazama, tunacheka.

Sasa nije kwa lililonifanya niandike. Ulipokubali binti yako aje huku, ulinifunga kwa sharti moja tu, kwamba uwe unamwona. Sikusahau. Ndani ya mfuko alioubeba Salat kuna tableti. Fungua pole pole, nimeizungushia leso.

Yvonne ametaka nikuandikie maelezo kwa mpangilio, lakini nitaandika yanavyonijia. Ni ndogo, inchi nane, unaishika kwa mkono mmoja kama kitabu cha nyimbo, na haifiki hata nusu kilo. Pale dukani Yvonne anakofanya kazi ziko aina mbili zinazofanana kama mapacha. Moja inatumia Wi-Fi peke yake, na hiyo kwenu huko ingekuwa kioo cha kujitazamia. Yako ni ile nyingine, ya kuweka laini ya simu. Ubavuni ina kitundu kidogo. Chomeka ile pini iliyo ndani ya kartoni na kitatoka kisahani chembamba. Laini inakaa upande mmoja, memori kadi upande wa pili. Inashika 4G. 5G haina, lakini hata sisi hapa 5G hatuna, kwa hivyo usijione umepunjwa. Betri ikijaa inakaa siku nzima na zaidi. Kamera ni mbili. Ya nyuma ndiyo kali, ya mbele ni ya wastani, ila mtu anaonekana.

Mimi nimebaki na nyingine kama hiyo hiyo. Jumapili saa tisa, tukishamaliza kula, utupigie kwa picha. Nitamketisha Katunge mbele yake.

Wako,
Nduku


Nuu,
16 Februari 2025

Dada Nduku,

Barua yako na mzigo vilifika. Asante kwa leso pia, Mwaitu ameichukua na hairudishi. Miguu yake ni ile ile. Usiku uliopita aliniita kwa jina lako, nikaitika. Maji tunachota kwenye mchanga wa mto, tumechimba mpaka kimo cha kifua. Mbuzi wawili wamekufa, waliobaki wanajikongoja. Hayo ndiyo maisha yetu, na tunashukuru.

Nduku, nimefurahi mpaka nikaona haya. Nimeibeba hiyo tableti hadi sokoni Nuu kwa Ndululu, yule mwenye duka lenye sola, anayetuchajia simu. Yeye ndiye aliyetoa kisahani na kuweka laini yangu. Aliigeuza geuza akasema, "Mama Katunge, hii ni kitu. Umezidi hata chifu." Tukapiga Jumapili mbili. Nyumbani haishiki kabisa. Sokoni kuna herufi moja inatokea pale juu ya skrini, E, na jina lako linaonekana, halafu kiduara kinazunguka, kinazunguka, mpaka nachoka mimi badala yake. Ndululu anasema E ni mtandao wa zamani, wa kupitisha sauti na ujumbe, picha hauwezi. Niulizie Yvonne, tufanyeje?

Halafu nikuombe jambo. Siku itakaposhika, usimweke Katunge karibu sana. Mkalishe dirishani mahali penye mwanga, na tableti uiweke mbali hatua mbili, ili mikono yake yote ionekane. Mimi si uso ninaoutafuta. Unakumbuka homa ile ilimchukua masikio akiwa na miaka mitatu, na shule ya wasiosikia hatukuifikia. Maneno yake yote tumeyatengeneza sisi wawili hapa jikoni, moja moja, kwa miaka kumi na sita. Hayako kwenye kitabu chochote. Hakuna mtu mwingine duniani anayeyajua. Akiwa na jambo moyoni, huko kwako hana wa kumwambia. Kwa hivyo usinipe uso, nipe mikono.

Mpe hii tasbihi ya mbegu, niliitunga mwenyewe. Atavaa mkononi.

Mdogo wako,
Kasiva


Kathonzweni,
14 Machi 2025

Kasiva,

Nasi tuko. Kuna jua na vumbi. Mutisya ana presha kidogo lakini amepewa vidonge.

Yvonne anasema laini yako ni ya kitambo, si ya 4G. Inabadilishwa kwa wakala, namba inabaki ile ile. Lakini usijisumbue na mambo hayo kwa sasa. Ni mwendo mrefu kutoka kwako mpaka sokoni, na Mwaitu hafai kuachwa peke yake. Ngoja mvua.

Katunge alikuwa na homa lakini sasa anaendelea vizuri. Kwa fundi amepumzika kidogo. Yuko na mimi hapa nyumbani. Tasbihi ameipata.

Salimia Mwaitu.

Nduku


Nuu,
13 Aprili 2025

Dada Nduku,

Mwaitu anakusalimu kwa kinywa chake mwenyewe leo, amekunywa uji bakuli zima. Mvua imenyesha siku mbili ikaenda. Nimepanda kunde. Kama zitaota, zitaota.

Barua yako ilikuwa fupi nikaisoma mara nyingi ili iwe ndefu.

Sikungoja. Nimebadilisha laini. Wakala alikuja Nuu siku ya soko, akanipiga picha, akachukua kitambulisho, na jioni laini mpya ikaanza kazi. Ndululu akaingia ndani ya tableti, akafungua mahali pa data, akachagua 4G badala ya kuiacha itafute yenyewe. Lakini hata hapo sokoni bado ilitoka E. Ndipo akaniambia kuna mnara mpya umesimamishwa mbali upande wa barabara, na kwamba mwanga wake, ndivyo alivyosema, unaweza kugonga ule mwamba mkubwa ulio nyuma ya kanisa letu. Nimepanda mwamba huo nikiwa na miaka hamsini na mmoja, Nduku, na kiondo mgongoni kama msichana. Juu kabisa, ukisimama upande wa kusini, inaandika 4G na mistari miwili. Ukisogea hatua tatu, inapotea.

Nimewapigia Jumapili nne. Inalia. Ndululu ameniambia ikilia kwa mlio ule wa kukatika katika, maana yake imefika upande wa pili. Basi imefika. Inalia mpaka inachoka.

Nikakupigia kwa simu ya kawaida nikiwa hapo hapo juu. Ulisema, "Yuko sawa, yuko sawa," nikasikia kama unatembea huku ukiongea, halafu laini ikakatika. Ni laini iliyokatika?

Ilikuwa homa gani? Fundi amempumzisha kwa nini? Na jambo jingine. Salat alipokuja kununua mbuzi nilimuuliza kama alimwona Katunge. Akasema ndiyo, alikuwa amesimama mlangoni kwako amejifunika leso mabegani mpaka chini, na jua lilikuwa kali. Nikamuuliza amenenepa ama amekonda. Akasema, "Mama Katunge, mimi nilikuwa napakia wanyama," akaanza kukaza kamba za lori ambazo alikuwa amekwisha kuzikaza.

Salat ni mtu wa maneno, wewe unamjua. Siku hiyo hakutaka hata chai.

Nitumie kipande cha kitambaa alichoshona. Hata ukingo wa kitambaa tu. Nitajua hali yake nikiushika mshono.

Kasiva


Kathonzweni,
18 Mei 2025

Kasiva mdogo wangu,

Natumaini kunde ziliota. Huku baridi imeanza mapema. Mutisya ameuza ile mashine ya kupura ndengu. Ni mambo ya biashara, imekuwa na usumbufu mwingi. Sasa uwanja uko wazi, na kuna kimya ambacho sijakizoea.

Tableti yetu ilianguka ikapasuka skrini. Yvonne anatafuta fundi wa kuibadilisha, lakini kioo cha aina hiyo bado hakijafika Wote kwa kuwa ni mpya. Ndiyo sababu hatupokei.

Kipande cha kitambaa sikukipata. Badala yake ninakutumia gauni nililomnunulia Mwaitu, na nimekununulia na wewe sweta.

Katunge anakula. Analala kwangu chumbani, si chumba cha Yvonne tena. Ananifuata kila niendapo.

Barua hii nimeianza mara tatu. Mutisya anasema mtu haandiki mambo yote. Labda ni kweli.

Dada yako,
Nduku


Nuu,
8 Juni 2025

Nduku,

Mwaitu yuko. Tunaishi.

Jumapili iliyopita, tarehe moja, nilipanda tena mwambani. Ndululu alikuja nami kwa sababu nilimwambia nadhani nakosea mahali pa kubonyeza. Alifunga duka lake siku ya watu wengi akaja, naye si hata wa kanisa letu. Saa tisa nikapiga. Ikalia, ikalia. Nikasema moyoni, skrini iliyopasuka inalia vizuri sana.

Kisha skrini ikawa nyeusi, halafu ikawaka, na Yvonne akatokea.

"Anti?" alisema, kama aliyemwona mtu aliyezikwa.

Nikamsalimu. Nikamuuliza mama yake yuko wapi. Akasema mmeenda mazishini wewe na baba yake, na kwamba yeye amefika sasa hivi kutoka Wote, akakuta tableti inalia ndani ya kabati.

Nikasema, "Sijaja kwa mama yako. Nipe Katunge."

"Anti, ngoja Mama arudi."

"Yvonne. Nipe mtoto wangu."

Akatazama pembeni. Kisha nikaona dari, nikaona sakafu, nikaona mguu wa meza, maana alikuwa anatembea nayo. Akaisimamisha juu ya kitu. Katunge alikuwa ameketi dirishani kama nilivyokuomba mwezi wa pili. Amekonda. Leso mabegani.

Nikaiweka tableti yangu juu ya jiwe, nikarudi nyuma hatua mbili anione vizuri, nikaanza. Nilimuuliza kama amekula. Nilimuuliza kama analala. Nilimuuliza, unataka nyumbani? Alikuwa ananitazama tu. Sijawahi kumwona Katunge ametulia mikono, Nduku. Hata akiwa usingizini mikono yake ilikuwa inasema kitu. Nikamwambia, ongea na mimi, sema chochote.

Ndipo akatoa mkono wa kulia chini ya leso.

Hapo picha ikavunjika. Ikawa vipande vya mraba, vya kijivu na vya rangi ya pazia. Nikaona kiganja. Nikaona kidole gumba. Katikati hapakuwa na kitu, kisha mwisho kidole kidogo. Nikamwambia Ndululu, "Netiweki imekula vidole." Nilisema hivyo nikicheka. Nakwambia nilicheka.

Ndululu akasema, "Ngoja, Mama Katunge." Akaichukua tableti, akapunguza kitu ndani yake, akasogea mpaka ukingoni kabisa mwa mwamba, akainyanyua juu kwa mikono miwili kama anayeinua mtoto abatizwe. Mistari ikawa mitatu. Picha ikatulia. Kila kipande kikarudi mahali pake. Dirisha likarudi. Pazia likarudi, mpaka maua yake nikayaona, mekundu, yenye majani. Uso wa mtoto wangu ukarudi wote.

Vidole havikurudi.

Katunge aliushusha mkono mwenyewe. Akaja mbele, akanyoosha ule wa kushoto, akailaza tableti kifudifudi. Skrini ikawa nyeusi lakini sauti ilikuwa bado inapita, nikasikia Yvonne analia. Ndululu alinishika kiwiko tukashuka.

Sitaki simu. Simu unaikata. Andika kwenye karatasi, uandike yote, na usinisalimie.

Kasiva


Kathonzweni,
6 Julai 2025

Kasiva,

Ilikuwa tarehe ishirini Februari, siku ya Alhamisi. Mwanamke anayelisha mashine hakuja, mtoto wake alikuwa mgonjwa. Malori mawili yalikuwa yamengoja tangu alfajiri na wenye ndengu walikuwa wanapiga kelele. Mutisya alikuwa kwenye injini. Mimi nilikuwa nashika magunia. Katunge alikuwa ametoka kwa fundi kuja kula mchana.

Nilimwonyesha ile ishara ya njoo. Mojawapo ya zile nne. Hakutumwa na Mutisya, wala hakujiingiza mwenyewe kama nilivyowaambia watu hapa. Ni mimi niliyemwita.

Alifanya kazi vizuri karibu saa nzima. Alikuwa anashika mashina makavu anayasukuma kwenye mdomo wa mashine, na alipenda ile mitetemo, nilimwona ameweka kiganja kwenye bati akitabasamu, kwa maana alikuwa anaisikia kwa mkono. Kisha mashina yakaziba. Mutisya aliona mkono wake umeenda ndani sana. Alipiga kelele, "Toa mkono!" Kila mtu uwanjani aliruka nyuma. Hata mbwa aliruka. Yeye hakuruka.

Swichi iko upande wa Mutisya, Kasiva. Iko pale pale penye goti lake. Alipiga kelele kwanza, tena mara ya pili kwa nguvu zaidi, ndipo akakumbuka kuzima. Tumeishi na binti yako tangu Januari, na siku hiyo tukasahau kwamba hasikii. Mutisya hajalala usiku mzima tangu hapo. Sikuandikii hilo ili umwonee huruma.

Tulimkimbiza hospitali. Vidole vitatu havikuweza kurudishwa, cha shahada, cha kati na cha pete. Alikaa siku tisa. Madaktari walimuuliza maswali, nami nilikuwa nimesimama pale na ishara zangu za kula na maji na lala. Alinifanyia ishara nyingi kwa mkono wa kushoto, za haraka haraka, na macho yamemtoka. Sikuelewa hata moja. Nikawa namwambia lala. Lala. Mwishowe akaacha kuniambia.

Skrini haikupasuka. Tableti ilikuwa kabatini, nami kila Jumapili saa tisa nilikuwa jikoni naosha vyombo vilivyo safi mpaka inyamaze. Nilijua ukiiona mikono yake utajua yote, kwa sababu kwako mikono yake ndiyo kinywa. Yvonne aliniomba tangu Machi nikwambie, nami nikamkataza asikanyage hapa mpaka nimwite. Siku ile alikuja bila kuitwa.

Fundi alimrudishia Katunge mkasi wake akisema atamshikia nafasi. Hajamshikia. Kuna msichana mwingine pale.

Ninamrudisha kwako. Salat amekubali amketishe mbele pamoja naye, na mke wake Sabrin atasafiri nao ili asiwe peke yake kati ya wanaume. Nilitaka kuja naye mwenyewe. Nilivaa viatu, nikafika kwenye lori, nikarudi ndani kumalizia barua hii. Sikuweza kukuona ukimpokea.

Kama kuna neno lolote unaloweza kunitumia, nitumie. Na kama yeye anaweza kunisamehe, muulize kwa lugha yenu, maana mimi sikujifunza jinsi ya kuomba.

Nduku


Nuu,
31 Agosti 2025

Nduku,

Salat anaondoka kesho. Amekuwa akiniuliza kwa wiki sita kama nina barua, nikawa nasema bado.

Mwaitu hatembei tena. Kunde zilikauka kabla hazijatoa maua. Mbuzi wamebaki wanne.

Katunge alifika tarehe nane Julai. Sabrin alimshusha akiwa amemshika mkono wa kushoto, akaniambia kwamba njia nzima hakula isipokuwa ndizi moja. Nilimkumbatia pale pale barabarani. Alisimama kama mti. Kisha aliingia ndani, akaketi karibu na Mwaitu, na mkono wa kulia akauficha chini ya blanketi la bibi yake. Mwaitu haoni vizuri, alidhani ni wewe.

Nilifikiri akifika nyumbani ataongea. Nilijiambia kwamba huko hakuwa na mtu wa kumwambia, ndiyo sababu alinyamaza. Nikamngoja. Maneno yetu mengi ni ya mikono miwili, na yaliyobaki ni ya mkono wa kulia, kwa sababu mimi niliyeyaanza natumia wa kulia. Basi nikaanza upya. Nilijifunza kila neno kwa mkono wa kushoto ili tufanane, ili asione aibu kwamba ni yeye tu anayekosea. Usiku nilikuwa nafanya mazoezi chini ya shuka. Kwa siku zaidi ya ishirini nilizungumza naye kwa mkono wa kushoto, nikikosea kosea, nikitumaini atacheka na kunisahihisha kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo. Alitikisa kichwa ndiyo, akatikisa kichwa la. Basi.

Ndululu alikuja kututazama. Aliniuliza tufanye nini na ile tableti. Kuna shule ya wasiosikia ambayo walimu wake wanaweza kumfundisha mtu kwa picha, hata akiwa mbali. Tulipanda mwambani sote watatu. Mwalimu akatokea, mwanamke mwenye uso mwema, akamwamkia Katunge kwa ishara zao za shuleni, ambazo si zetu. Katunge alipoiona kamera inamwelekea, alivuta leso mpaka kidevuni, akageuka, akashuka mwamba peke yake. Nikamwomba mwalimu radhi. Hatujapanda tena.

Wiki iliyopita tulikuwa mtoni tunachota maji. Mimi nilikuwa ndani ya shimo nampa kata, yeye juu anamimina kwenye mtungi. Akaweka kata chini. Akanigusa kichwani nimtazame. Kwa mkono wa kushoto akafanya mashine, duara linalozunguka. Akafanya Mutisya, kwa zile ndevu zake. Kisha akafungua mdomo wake, wazi kabisa, mpaka nikaona koo, akaushikilia hivyo. Akafunga. Akanifanyia ishara ya kuuliza.

Alikuwa ananiuliza Mutisya alisema nini.

Nduku, miezi sita amekaa na swali hilo. Aliuona ule mdomo umefunguka akiwa na mkono ndani, na hakuna aliyemwambia ulikuwa unasema nini. Nilikuwa na barua yako, nilijua. Nikaona bora ajue. Nikamwambia alisema, toa mkono.

Akanyoosha kiganja cha kushoto mbele yake, akasukuma. Akasukuma tena, kwa nguvu, na uso wake ukiwa kama wa mtu anayejitahidi kumridhisha mkubwa. Nikaelewa. Alidhani anaambiwa asukume. Aliona baba yake mkubwa amefungua mdomo, kila mtu anamtazama, akadhani anafanya kazi pole pole, akasukuma zaidi.

Nilitoka kwenye shimo lakini alikuwa amekwisha kujitwika mtungi na kuondoka.

Swali lako nilimuuliza, kwa lugha yetu, jioni ya siku hiyo. Nilikutaja kwa ishara yako. Hakutikisa kichwa ndiyo wala la. Alikwenda kuwafungia mbuzi. Kuhusu mimi, usiniulize tena. Sina neno la kukutumia, nimelitafuta.

Mkono ameukunja, haujasema kitu kingine tangu mtoni. Mimi naendelea. Kila jioni naketi mbele yake penye taa, namwambia kwa mkono wa kushoto habari za siku, kwamba mbuzi mmoja anachechemea, kwamba unga utafika Jumatano, kwamba bibi yake amelala. Anatazama mpaka nimalize, kwa adabu, kama mgeni. Halafu anageuza uso ukutani.

Kasiva